Mwaka Niliomwongezea Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza alizaliwa Mbale, mwaka wa tohara. Kwa watu wa mlimani neno hilo linatosha. Wagisu huwatahiri vijana wao mwaka mmoja, kisha hupumzika mwaka wa pili, na ukimwambia mtu wa kule kwamba mtoto amezaliwa mwaka wa tohara, hahitaji kalenda. Asubuhi aliyozaliwa, vijana waliopakwa unga walikuwa wakipita nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, njuga zikilia mapajani, na mama mkwe akatoka na mikono iliyolowa akawaambia wakachezee kwingine, hapa kuna mzazi. Nilikuwepo. Nayaandika haya mwanzo ili msomaji ajue kwamba sikusahau. Wako baba wanaosahau umri wa watoto wao.

Mimi ni mjukuu wa askari waliotoka Sudan. Nyumbani tulisema Kinubi, nje tulisema Kiswahili, na shule niliishia darasa la nne. Mbale nilikuwa mpakiaji wa magunia kwenye ghala la kahawa. Humo ndimo nilimokutana na mke wangu, aliyekuwa akichambua kahawa pamoja na wanawake wengine, wamekaa chini wakitenga punje nzima na mbovu. Alisilimu ili tuoane. Mama yake hakusilimu, wala hakutuzuia.

Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, nilisikia kwamba Jinja kuna kiwanda cha nguo kinachoandika watu. Nilitaka kwenda. Mke wangu hakutaka kumwacha mama yake peke yake. Tulibishana wiki nzima, mwisho nikatamka talaka moja kwa hasira, nikapanda basi. Nikawa nangoja anifuate, naye akawa anangoja nimrudie. Eda ikaisha kila mtu akingoja.

Shehe wa Mbale wa siku zile, aliyeandika karatasi yetu ya talaka, alisema maneno mawili. Mtoto atakaa na mama yake mpaka afike umri wa kupambanua mambo, yaani miaka saba, kisha ataulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Na mpaka siku hiyo, chakula chake na nguo zake ni juu ya baba. Niliitikia yote mawili. Miezi ya mwanzo nilipeleka. Nilimpa utingo wa basi la Mbale bahasha, naye akaifikisha. Halafu nikaoa tena, mke akapata mimba, nikaanza kupeleka mwezi mmoja na kuruka mwingine, kisha nikaruka miwili. Sikuwa na dhiki. Mwaka huo nilinunua baiskeli mpya. Nilikuwa nimegundua tu kwamba mtoto wa mbali hata akilia husikii.

Barua zilikuja. Mama wa mtoto aliandikiwa na binti wa jirani mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, na hazikudai kitu. "Mtoto anakusalimu. Sasa anajua kufunga vifungo mwenyewe. Viatu vimembana." Basi. Yaliyobaki niliachiwa niyasome mwenyewe, na niliyasoma, nikaikunja barua nikaiweka chini ya godoro.

Nadhani barua moja ilikwenda kwa shehe wetu wa Jinja, kwa sababu Ijumaa moja baada ya swala aliniita mbele ya watu waliokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni.

"Afande," aliniita hivyo kwa utani kwa ajili ya babu yangu, "yule mtoto wako wa Mbale anakula nini?"

"Anakula kwa mama yake, shehe."

"Na mama yake anakula kwa nani?"

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Wote wanakula hewa ya mlimani, ni safi sana." Watu wakacheka. Nilicheka pia. Niliondoka nikiisukuma ile baiskeli kwa mkono mpaka Walukuba, tulikopewa nyumba za wafanyakazi, na nilikuwa na hasira njia nzima. Sikuwakasirikia waliocheka. Nilimkasirikia mwanamke aliyeandika barua.

Mke wangu wa pili aliponiona nimenuna aliniuliza, nikamweleza. Alikuwa anamnyonyesha mtoto wetu.

"Mlete huyo mtoto," alisema. "Sahani moja zaidi haivunji nyumba. Kinachovunja nyumba ni barua."

"Bado hajafika saba."

"Atafika lini?"

 Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Karibu sana." Hapo ndipo nilipoanza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilimtaka binti yangu siku ile. Nilitaka nisiulizwe tena mlangoni mwa msikiti.

Nilikwenda Mbale mwezi wa nane. Ulikuwa tena mwaka wa tohara, wa tatu tangu azaliwe. Ngoma zilisikika kila upande wa mji. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka sita, wiki chache tu zilizopita.

Siku zile mtoto akipelekwa shule hakuna aliyeuliza cheti. Aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, amefika saba, anaandikwa. Asipolifikia, anarudishwa nyumbani akakue. Hakuna aliyekuwa na kipimo kingine, na nilijua kwamba shehe mpya wa Mbale, aliyekuwa mgeni kule na hakujua mambo ya tohara, atatumia hicho hicho.

Nilimwomba mama yake nimpeleke mtoto dukani. Akaniruhusu, hata akamvisha gauni safi. Nikamnunulia peremende kwenye duka la Mhindi, tukaenda nyuma ya maghala, kwenye kivuli cha ukuta.

"Pitisha mkono hivi," nikamwambia.

Akapitisha. Vidole vyake viliishia juu ya sikio, kwenye nywele.

"Haufiki, baba."

"Unafika. Inamisha kichwa kidogo. Sasa nyanyua bega."

"Hivi?"

"Usiinamishe sana, wataona. Kidogo tu."

Akalishika ncha. Alifurahi sana. Akarudia mara nyingi bila kuambiwa, akiwa na peremende shavuni, na kila mara alinitazama kuona kama nimeona. Nilimpa peremende ya pili. Kisha nikamwambia habari za Jinja. Nikamwambia kuna maji makubwa huwezi kuona mwisho wake, na kwamba jua likizama kuna taa juu ya milingoti barabarani, zinawaka zenyewe, watoto wanacheza chini yake.

"Nani anaziwasha?"

"Hakuna. Zinajiwasha."

"Uongo," alisema, lakini alitaka uwe kweli.

Siku iliyofuata tulikaa kwenye baraza ya msikiti. Mimi nilikuja na mashahidi wawili, wapakiaji wenzangu wa zamani, ambao walijua tu kwamba nina mtoto, na wakakubali kusema kwamba ni mkubwa. Mama wa mtoto alikuja na mama yake. Alikuwa ametoka kazini, vumbi la kahawa bado limo kwenye nyusi. Nilisema kwamba binti yangu alizaliwa mwaka uliotangulia tohara, na kwamba amefika saba.

"Hajafika," mama yake alisema. Hakupaza sauti.

Shehe akamgeukia mtoto akamwambia apitishe mkono. Akaupitisha kama tulivyofanya nyuma ya ghala, bega juu, kichwa kidogo upande. Akalishika sikio. Akanitazama.

"Kuna mtu mwingine anayejua kuzaliwa kwake?" shehe aliuliza.

Mama mkwe wangu akaanza kuinuka. Nilikuwa nimeliwazia hilo. Nilijiambia kwamba yeye si Mwislamu, na kwamba nitasema hivyo, na shehe ataupima ushahidi wake kwa mizani nyingine. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Sikuhitaji kuyatoa. Binti yake alimshika nguo akamvuta, naye akakaa. Nilidhani wamekata tamaa, na moyo wangu ulipoa.

Shehe akamuuliza mtoto kwa upole, "Haya, mama. Unataka kukaa na nani?"

"Nataka kuona taa," alisema.

"Taa ziko kwa nani?"

"Kwa baba."

Watu wakacheka, hata shehe. Mama yake pia alicheka kidogo, akamfunga kifungo cha nyuma cha gauni kilichofunguka. Kisha akainuka akarudi kazini.

Sasa niseme ya Jinja. Taa alizionyeshwa jioni ile ile, na wiki nzima alizizungumzia. Lakini nyumba yetu ilikuwa imeambiwa kwamba anakuja mtoto wa miaka saba, na ikampokea kama mtoto wa miaka saba. Mke wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mchanga na mkubwa wake wa miaka miwili, na alikuwa akihesabu msaidizi. Akampa ndoo. Ndoo ilimshinda, akawa anarudi nusu ameimwaga. Akampa mtoto ambebe mgongoni, wakaanguka wote wawili. Mke wangu alikuwa na dada yake aliyelea wadogo akiwa na miaka saba, na akashindwa kuelewa huyu ana nini.

"Saba gani hii?" alikuwa akisema. "Kwetu wa saba anapika ugali."

Zaidi ya yote, binti yangu alikuwa akikojoa kitandani. Si kila siku, lakini mara nyingi za kutosha. Mke wangu alimwambia kwamba mtoto wa miaka saba anayekojoa anafanya makusudi. Akamchapa. Akamtembeza nje na mkeka wake kichwani majirani waone, maana hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya siku zile, na watoto wa mstari wetu wa nyumba wakaja nyuma yake wakiimba. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikijiandaa kwenda zamu. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kusema, ana sita. Lakini ningelisema, mke wangu angeuliza, basi kwa nini yuko hapa? Nikafunga kamba za viatu.

Aliponipita na ule mkeka alisema, "Baba, sifanyi makusudi."

"Najua," nilimwambia, kwa sauti ambayo mke wangu hakuisikia.

Na chakula. Katika nyumba yetu mtoto mkubwa alikula baada ya kuwalisha wadogo. Ni desturi ya nyumba nyingi, na mtoto wa miaka saba huweza kuivumilia. Yeye alikaa kando ya jiko akimlisha mdogo wake kijiko kwa kijiko, akifumbua mdomo kila mdogo anapofumbua, na alipomaliza sisi tulikuwa tumenawa. Alikula yaliyobaki chunguni. Yalikuwepo kila mara, siwezi kusema alilala njaa. Lakini yai likipikwa, lilikuwa la mdogo. Nyama ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiona. Nilikaa umbali wa mikono miwili kutoka kwake.

Habari ilikuja miezi kumi baadaye, kwa mkono wa yule utingo niliyekuwa nikimpa bahasha. Mama wa mtoto alikuwa amekufa kwa homa ya siku nne. Walikuwa wameshamzika. Nilimchukua binti yangu tukapanda basi, na njiani alilala kichwa chake kwenye mkono wangu, nikawa sithubutu kuusogeza.

Msibani mtalaka hana mahali pake. Hakai na wafiwa, hapewi pole. Binti yangu wanawake walimchukua ndani mara tulipofika. Mimi nilikaa nje na wapakiaji. Mzee mmoja ambaye sikumjua aliniuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Tulifanya kazi ghala moja," nilisema.

Haukuwa uongo. Nilikuwa nimezoea kusema mambo ya namna hiyo. Wenzangu wawili, wale walionitolea ushahidi kwa shehe, waliangalia chini. Na mimi nililia pale, kimya, kama mtu anayemlilia mfanyakazi mwenzake. Nilikumbuka alivyokuwa akipuliza vumbi kwenye kiganja kilichojaa kahawa kabla ya kuanza kuchagua. Hakuna aliyekuja kunishika bega, na sikustahili.

Siku ya tatu mama mkwe aliniita nyuma ya jiko. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Baba ya mtoto, kuja hapa. Kaa."

Nikakaa juu ya kinu kilicholala.

"Ile siku ya shehe, wewe ulidanganya."

"Ndiyo, mama."

Hakutegemea nikubali upesi hivyo. 

"Mimi nilimushika huyu mtoto kwa hii mikono, na vijana ya tohara walikuwa hapa, hapa. Nilitaka kusimama niseme. Mama yake alinivuta nguo. Njia yote nilimugombeza. Nilimwambia, wewe mujinga, unaachia mtoto ya miaka sita. Unajua yeye alinijibu nini?"

"Sijui, mama."

"Alisema, mama, wacha ende. Yule si mutu mubaya. Mtoto ya mbali anamushinda, anamusahau. Lakini mtoto akikaa mbele ya macho yake, atakula. Hakuna mutu anaweza kutafuna nyama na mtoto yake anamwangalia." Akafuta pua kwa upindo wa nguo. "Hapa mwaka ule tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Wewe hukujua?"

"Nilijua. Aliandika viatu vinambana."

"Viatu," alisema. "Sasa niambie mimi. Alikula?"

Nilikuwa nimedanganya kwa shehe, nimenyamaza nyumbani, nimejificha msibani. Mwanamke huyu alikuwa akiniuliza kwa niaba ya mtu aliyezikwa, na nililiona jibu alilolitaka. Alitaka niseme ndiyo. Alitaka binti yake awe amekufa akiwa hakukosea. Ningesema ndiyo, angelala usiku huo.

"Alikula baada yetu," nilisema. "Alikula yaliyobaki."

Hakunitukana. Alitazama mikono yake kwa muda.

"Basi atabaki hapa," alisema. "Na wewe utaleta. Hutatuma. Utaleta na mikono yako, na utakaa hapo ulipokaa, na utamwangalia akikula."

Nikasema ndiyo.

Kabla ya basi nilimwita binti yangu. Alikuwa amevaa nguo ya mama yake iliyofungwa fundo mabegani. Nilichuchumaa ili nisimtazame kutoka juu.

"Nikuambie kitu. Wewe huna miaka saba."

"Najua. Naenda nane."

"Hapana. Una sita bado. Utafika saba mwezi wa nane. Nilimwambia shehe umefika saba, nikakufundisha kushika sikio. Nilisema uongo ili uje Jinja."

Aliutazama mgongo wa mkono wake. Nilidhani atauliza habari za mama yake, na miezi ile kumi niliyomtenga naye, na nilikuwa nikiogopa hilo kuliko kitu chochote. Hakuuliza, si siku ile. Aliuliza alipokuwa na miaka kumi na minne, na nilimjibu, na hilo ni letu wawili.

"Kwa hiyo nitakuwa saba tena?"

"Ndiyo. Safari hii ya kweli."

"Na nilipokuwa nakojoa nilikuwa sita?"

"Ulikuwa sita."

Akakunja uso. Kisha akasema polepole, kama mtu anayempa mwingine kazi, "Umwambie mama mdogo."

Ilinichukua siku mbili. Siku ya kwanza nilisema nimechoka na safari. Siku ya pili, mchana, mke wangu alikuwa akianika nguo kwenye kamba, nikamwambia pale pale nje, maana nilijua nikiingia ndani nitaahirisha. Nilimweleza mwaka wa tohara, sikio, peremende, yote.

Alibaki ameshika shuka lililokuwa likichuruzika maji.

"Ulikaa pale mlangoni," alisema. "Nikimtembeza na mkeka. Ulikuwa unafunga viatu."

"Ndiyo."

"Ulinifanya nimchape mtoto wa miaka sita."

Nilisema nisamehe. Alisema msamaha huo hauombwi kwake. Akamaliza kuanika nguo zilizobaki, moja moja, akizikung'uta kwa nguvu. Kesho yake alimfunga mdogo mgongoni, akaniachia mkubwa wake, akapanda basi la Mbale peke yake. Alikaa huko siku nne. Aliporudi alipika, akapakua, akakaa. Sikumuuliza walizungumza nini. Lakini mwisho wa mwezi, kabla sijavua nguo za kazi, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kimefungwa tayari, akaniambia basi la Mbale la saa nane bado halijaondoka.